Fupisha Upendavyo, Lakini Usimeze 'H'

Leo nataka tuzungumzie jambo linalozua ubishi katika nyumba nyingi za mjini, hasa jioni wakati kila mmoja ameinamia simu yake. Je, ni lazima mtu afuate sarufi anapomwandikia ndugu au rafiki arafa? Au sarufi ni mambo ya darasani na ya karatasi za mtihani tu?

Wazazi wengi, hasa wale waliochapwa viboko shuleni kwa kusema "kitabu yangu", watakujibu mara moja kwamba ni lazima. Vijana nao watacheka. Watakuuliza, "Si umeelewa? Basi shida iko wapi?" Kila upande umeshika lake, wala hausikii la mwenzake.

Kwa maoni yangu, kila upande una nusu ya haki. Makosa ya kuandika hayalingani. Yako yasiyomdhuru mtu yeyote, na yako yanayoweza kumtia mtu hasara ya pesa, au hata ya maisha. Aliye na busara ni yule anayejua kuyatenga.

NAXUKA NYAMASARIA

Hebu chukua mfano. Ukitoka Nairobi kwa gari kupitia Ahero, Nyamasaria ndiyo lango la kuingilia Kisumu. Hapo ndipo barabara ya kwenda Mamboleo inapochepuka, na abiria wengi hushuka hapo wakatafuta tuktuk au bodaboda ya kuwafikisha mitaani. Gari likikaribia steji, msichana anayerudi nyumbani kutoka chuoni huchomoa simu na kumwandikia dadake maneno mawili tu: "Naxuka Nyamasaria."

Waliokuwa vijana katika miaka ya 2010 wanaikumbuka vyema hiyo 'x'. Ilienea sana katika Facebook hapa Kenya. "Sasa" iliandikwa "xaxa", na "shule" ikawa "xule". Herufi moja ilifanya kazi ya 's' na ya 'sh' pia. Wengi waliichukia na kuikejeli, wakiwemo vijana wenyewe.

Sasa dada mtu aisome vipi arafa hiyo? Kama ni "nashuka", inambidi aende steji kumpokea mwenzake. Kama ni "nasuka", basi mwenzake yuko saluni, nywele zi mikononi mwa msusi, na hapana haja ya mtu kutoka nyumbani kwa muda wa saa tatu zijazo. Hata hivyo, dada hatakosea. Anajua kwamba mwenzake amekuwa safarini tangu asubuhi, kwa hiyo atasoma "nashuka" bila hata kufikiri.

Hilo ndilo vijana wanalolijua, na sisi wazee hulisahau. Watu wanaojuana hawasomi herufi peke yake. Husoma pia yale wanayoyajua kumhusu aliyeandika. Ndiyo maana "kitabu yangu" haijampotezea mtu kitabu. Mwanafunzi akimwandikia rafikiye, "Niletee kitabu yangu kesho," kitabu kitaletwa. Upatanisho wa ngeli umevunjika, naam, na katika mtihani wa KCSE alama ingepotea. Lakini baina ya marafiki hao wawili hakuna kilichopotea.

Tena kuna suala la lugha ya mama. Dholuo haina sauti ya 'sh', wala haina ngeli kama zile za Kiswahili. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo hapa Nyamasaria, au kule Ahero na Nyakach, akianza Kiswahili hukuta kwamba kiti ni "changu" lakini meza ni "yangu", na hakuna wa kumweleza kwa nini. Basi shangazi akiandika katika kundi la familia kwamba ameamkia "samba", kila mtu anajua kwamba yuko shambani na jembe lake. Kumcheka mbele ya wapwa na wakwe hakukilindi Kiswahili hata kidogo. Kunamnyamazisha shangazi. Siku nyingine atakuwa na neno la maana la kuwaambia, na hataliandika.

KUFUPISHA HAKUKUANZA LEO

Wala tusidhani kwamba watoto wetu ndio wa kwanza kukata maneno. Wazee wetu walikuwa na telegramu. Posta ilitoza kwa idadi ya maneno, kwa hiyo mtu wa Kisumu aliyetaka kumwita nduguye kutoka Mombasa hakupoteza shilingi zake kwa salamu. Aliandika "Mama mgonjwa njoo", akalipia maneno matatu, akaenda zake. Hakuna aliyemshtaki kwa kuacha "ni".

Kiswahili chenyewe kilimfaa sana mwenye telegramu, kwa sababu neno moja la Kiswahili huweza kuwa sentensi nzima. Tazama neno "nimekutumia". Humo mna aliyetuma, mna aliyetumiwa, mna wakati, na mna tendo lenyewe. Mwingereza atahitaji maneno manne au matano kuyasema hayo, na kwa telegramu angeyalipia yote.

Halafu ikaja simu ya mkono. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa kule Uingereza tarehe 3 Disemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, kwa kutumia kompyuta. Ulikuwa wa maneno mawili ya heri ya Krismasi, nayo yaliandikwa sawasawa bila kukatwa herufi hata moja. Ufupishaji ulikuja baadaye, na ulikuwa na sababu zake. Arafa moja ilibeba herufi 160, na ukizidisha, ulihesabiwa arafa ya pili.

Vitufe navyo vilikuwa vichache. Ukumbuke zile simu ndogo: ili upate 's' ulibonyeza kitufe cha 7 mara nne, na ukitaka 'sh' uliongeza kitufe cha 4 mara mbili. Lakini 'x' ulipata kwa kubonyeza kitufe cha 9 mara mbili tu. Hesabu mwenyewe ni vidole vingapi vilivyopumzika kwa kuandika "naxuka".

Leo mambo yamebadilika. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, haikutozi kwa kuvuka herufi 160, na simu za kioo zimeweka herufi zote mbele yako. Sababu imekwisha, mazoea yamebaki. Hilo halina ubaya. Watu huandika "xo xo" na "poa" kama wanavyovaa ndara nyumbani, kwa kuwa hakuna mgeni.

HERUFI YENYE BEI

Sasa tuje kwenye nusu ya haki waliyo nayo wazazi. Ile sifa ya Kiswahili iliyomfaa mwenye telegramu ndiyo hiyo hiyo inayomponza mwenye simu. Neno likiwa limebeba sentensi nzima, kila kipande chake kidogo kina mzigo. Ukikichomoa kimoja, mzigo huo unaanguka njiani.

Anza na herufi 'h'. Wengi wetu hatuitamki sawasawa, na tunavyotamka ndivyo tunavyoandika. Katika wakati ujao, kwa baadhi ya nafsi, herufi hiyo peke yake ndiyo inayotenga ndiyo na siyo. "Atalipa" ni atatoa pesa. "Hatalipa" ni hatoi kitu. "Utakuja" ni karibu, na "hutakuja" ni kaa huko huko.

Fikiria mwenye nyumba za kupangisha anayemwuliza mpangaji mmoja kwa arafa, "Je, jirani yako atalipa kodi wiki hii?" Mpangaji anakusudia kusema hatalipa, maana jirani mwenyewe amemwambia kwamba kibarua kimekwisha. Lakini anaandika "atalipa", kama anavyotamka. Mwenye nyumba anatulia. Wiki inakwisha, pesa hazionekani, na sasa ana watu wawili wa kuwakasirikia: mmoja kwa deni na mwingine kwa uongo ambao hakuusema.

Hapa ndipo tofauti ilipo, msomaji wangu. Katika "naxuka", dada aliokolewa na yale aliyoyajua. Katika "atalipa", mwenye nyumba hana cha kumwokoa. Mdaiwa anaweza kulipa na anaweza kukosa kulipa; yote mawili yanaaminika. Maana zote mbili zikiwa zinaaminika, herufi ndiyo shahidi wa pekee, na shahidi huyo umemmeza.

Tazama na mambo ya pesa. Tangu M-PESA ianze hapa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, arafa imekuwa pochi na hundi. Mwanafunzi wa Maseno anamwandikia nduguye mkubwa aliye kazini, "Nikutumie elfu mbili?" Hapo anauliza kama atume. Aondoe "ku" kwa haraka, aandike "Nitumie elfu mbili", naye amegeuka mwombaji. Silabi moja imehamisha shilingi 2,000 kutoka mfuko huu hadi ule. Vivyo hivyo "nimelipa" na "nimelipwa", au "nimetuma" na "nitatuma". Muuza samaki aliyesoma "nimetuma" ataachilia mzigo. Aliyesoma "nitatuma" ataushikilia.

Na si pesa tu. Mzazi aliye kazini akisoma kwamba mwanawe "amepiga" mtoto mwenzake shuleni, atajiandaa kuomba msamaha. Akisoma "amepigwa", ataacha kazi na kukimbia hospitalini. Herufi iliyotenga habari hizo mbili ni 'w' peke yake.

Sisi tunaoishi pande hizi tunajua pia habari ya maji. Mvua ya masika ikinyesha sana, mto Nyamasaria hufurika, na uwanda wa Kano huwa ziwa. Siku hiyo jirani akikuandikia "usipite darajani", amekuokoa. Akiandika "upite darajani", kwa kuruka silabi ya "si" katika haraka yake, amekuelekeza kwenye maji. Ni nani atakayemwambia jirani huyo kwamba sarufi ni ya darasani tu?

Saa nazo zina mtego wao. Kwa Kiswahili, na kwa Dholuo pia, saa mbili asubuhi ndiyo ile ambayo kioo cha simu huionyesha kuwa 8:00. Kijana akiandika "tukutane steji saa 8", mwenzake ajue ni ya simu au ni ya Kiswahili? Mmoja atafika asubuhi na mwingine alasiri, kila mmoja akimlaumu mwenziwe kwa kutojali.

WEZI NAO WANAJUA LUGHA

Kuna arafa moja ambayo wenye simu wengi Afrika Mashariki wameipata, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Nayo hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua, kama mvuvi anavyotupa wavu.

Umewahi kujiuliza kwa nini arafa fupi namna hiyo hunasa watu? Siri yake iko katika neno "ile". Kwa Kiswahili, "ile" huashiria kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukijua. Mwizi hajui lolote kuhusu pesa zako. Anaandika "ile" na kukuachia wewe ukamilishe. Kama siku hiyo ulikuwa ukijiandaa kumtumia fundi, au kumlipia mtoto karo, akili yako inajaza pengo mara moja: "Aa, ile ya karo!" Mkono unatuma.

Kwa maneno mengine, mwizi anaishi kwa mazoea yetu ya kusomana nusu nusu. Mtu aliyezoea kumwandikia mkewe "Tuma karo ya kifungua mimba kwa namba ya shule" hatakuwa rahisi kunaswa, na mkewe pia. Ujumbe mfupi usiotaja jina wala sababu utamgutusha kwa sababu si kawaida ya nyumba yao.

JE, WATOTO WANAHARIBIKA?

Mzazi mwenye wasiwasi ataniuliza kama vifupisho vitamwangusha mtoto shuleni. Kwanza nimtulize. Mwaka 2009 watafiti Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka 10 hadi 12. Walikuta kwamba waliotumia vifupisho vingi katika arafa hawakuwa wasomaji dhaifu. Walielekea kusoma vizuri zaidi. Jambo hilo lina mantiki. Ili mtoto afupishe neno kwa kufuata sauti, lazima kwanza aisikie sauti hiyo na kujua inavyoandikwa.

Lakini sitaki tujipumbaze. Uchunguzi ule ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza hakipakii sentensi katika neno moja kama tufanyavyo sisi. Tena ulikuwa wa watoto wanaosoma kwa lugha wanayozungumza nyumbani. Mtoto wa Nyamasaria hubeba lugha tatu: Dholuo kwa nyanya, Kiswahili cha mtaani kwa wenziwe, na Kiingereza kwa mwalimu. Kiswahili sanifu ni cha nne, na hukutana nacho zaidi kitabuni. Ikiwa hakiandiki popote ila katika mtihani, atakijulia wapi? Si ajabu kwamba Baraza la Mitihani, KNEC, limelalamika mara kwa mara katika ripoti zake kuhusu Sheng inayoingia katika insha za watahiniwa.

Dawa, kwa maoni yangu, si kumnyang'anya mtoto simu wala kumkataza Sheng. Ni kumzoesha kubadili lugha kama anavyobadili nguo. Sare ni ya shule, ndara ni za nyumbani, na hakuna ubaya mpaka mtu avae ndara kwenye mahojiano ya kazi. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa haya katika isimujamii: kila mahali pana sajili yake. Kinachobaki ni kuitumia elimu hiyo nje ya karatasi ya mtihani.

BASI TUFANYEJE?

Nina mambo manne ya kukuachia, mpenzi msomaji, na yote hayahitaji kamusi.

La kwanza, unapokataa, kataa waziwazi. Kama unahofia kumeza 'h', anza na neno "hapana" au "la", ndipo uendelee: "Hapana, hatalipa." Hata 'h' ikianguka, "hapana" itabaki, na msomaji atakuuliza.

La pili, ukitaja pesa, taja ni nani anampa nani, kiasi gani, na kwa sababu gani. Ukitaja saa, ongeza asubuhi, mchana au usiku. Neno moja zaidi halikutozi kitu siku hizi.

La tatu, kabla ya kutuma habari ya pesa, safari, ugonjwa au hatari, isome tena mara moja kama kwamba wewe ndiye unayeipokea. Simu nyingine hujifanya mwalimu na kubadilisha neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza bila kukuuliza. Ile salamu ya "niaje" na zile picha za kuchekesha, hizo tuma tu.

La nne, ukiona kosa la mwenzako, jiulize kama limekupotosha. Kama limekupotosha, mwulize kwa upole, tena faraghani: "Shangazi, ulimaanisha atakuja au hatakuja?" Kama hukupotoka, nyamaza na umjibu habari yake. Mzee aliyejifunza kubonyeza simu akiwa na miaka sabini ili awasalimu wajukuu anastahili kujibiwa salamu, si kusahihishwa kwa wino mwekundu.

Nanyi vijana, mnapomwandikia nyanya, mkumbuke kwamba huenda anasomewa arafa hiyo na mtoto wa jirani. Mwandikieni maneno yaliyokamilika, mwanzo kwa salamu. Atajua kwamba mmemkumbuka kabla hata hajafika kwenye habari yenyewe.

Leo jioni, mkiwa mezani, hebu fungueni kundi la familia mtafute arafa moja iliyowahi kueleweka visivyo. Tazameni ilikuwa ni herufi gani iliyoanguka. Nadhani nyingi mtakazozikuta zitakuwa za kuchekesha, na nawaombea ziwe hivyo.